Ufunguo ubakie mu mfuko wetu

Bandugu wa mugodi, sisi wote tunajua kadena. Kama fundi anataka kuingiza mikono mu mashini ya kuponda mawe, kwanza anakata umeme, anafunga kadena yake, ufunguo anautia mu mfuko. Wenzake watatu wakifika, kila mmoja anaongeza ya kwake. Hakuna mtu wa kuwasha ile mashini akiwa mbali, hata akiwa mkubwa. Ni vile tunarudia nyumbani wazima.

Lakini ile sheria tunaiacha ku mlango wa kompanyi. Siku hizi, mwenye kufanya majuma mawili mu kambi ya Fungurume anaangalia lupango yake ya Likasi mu telefoni: kamera, taa ya nje, hata kufuli ya mlango. Ni kitu kizuri, hatukatae. Ila tujue: kompanyi yenye kutengeneza ile kufuli inaweza pia kuifikia kupitia intaneti na kubadilisha programu na mipangilio yake usiku, bila kupiga hodi.

Mu mwezi wa 8, 2017, LockState, kompanyi ya Marekani, ilitumia kufuli zake programu mpya. Ile ya aina moja ikaenda ku aina ingine. Vibonyezo vya kufuli karibu 500 vikakufa. Na kwa sababu hazikusikia tena intaneti, hakukuwa njia ya kuzitengeneza kwa mbali. Wenye nyumba wakabakia na ufunguo wa chuma tu. Ule ndio uliwafungulia mlango.

Hatuseme tukatae programu mpya. Ya zamani inaachia wezi tundu. Tunasema tuiongoze sawa vile tunaongoza mashini. Kwanza, mu mipangilio tuchague iwe inatuuliza mbele ya kubadilisha kitu. Pili, tukubali tu kama mtu mzima iko nyumbani na umeme iko imara: delestaji ikikata kazi katikati, kifaa kinaweza kufa kabisa. Tatu, tusinunue kufuli bila ufunguo wa chuma, na mama wa nyumba awe nao, si baba peke yake kule kambini.

Muuzaji akisema haiwezekane, tumuachie kitu chake. Yeye halale mu ile nyumba. Ni watoto wetu ndio wanalala mule.