Tusikubali kuonyeshwa picha zilizopinda

Siku hizi hapa kwetu Amukura, na kadhalika kule Busia na Malaba, projekta imekuwa mgeni wa heshima. Iwe ni harusi, mkutano wa injili au fainali ya kandanda, shuka nyeupe hutundikwa na watu wakaketi kutazama. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini nionavyo mimi, baadhi ya mafundi wetu wanatuonyesha picha mbovu, nasi watazamaji tunanyamaza kimya.

Kasoro yenyewe ni rahisi kueleweka. Projekta ikiwekwa chini na kuinuliwa pua, mwanga unaokwenda juu husafiri mbali kuliko ule wa chini. Basi picha huwa pana juu na nyembamba chini, mfano wa karai. Mitambo ya kisasa ina kitufe cha kurekebisha jambo hilo. Fundi hubonyeza, pembe zikanyooka, naye akaenda kunywa chai.

Asilowaambia watu ni kwamba kitufe hicho hakifanyi kazi ya bure. Mtambo huibana picha ndani ya nafasi yake. Projekta yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina nukta zaidi ya milioni mbili, na kadiri unavyozidi kubonyeza, ndivyo nukta nyingi zaidi zinavyoachwa bila kazi. Picha hupungua, na herufi ndogo huingia ukungu. Hapa mpakani, ambapo Mteso, Mluhya na mgeni kutoka Uganda huketi benchi moja, maandishi ya chini ya picha ndiyo mkalimani wetu. Yasiposomeka, nusu ya watazamaji wamepoteza jioni yao.

Mambo huwa mabaya zaidi projekta zikiwa mbili, ubavu kwa ubavu. Hapo picha lazima zipandane kidogo ukingoni, na kila mtambo upunguze mwanga mahali pa kukutania. La sivyo mstari mweupe utakata shuka katikati. Kompyuta huitandaza picha kama wavu, na fundi huvuta fundo moja baada ya jingine mpaka pande mbili zilingane. Akifanya kwa pupa, mchezaji ngoma anayepita katikati huota miguu minne, na shingo ya adeudeu huvunjika mikononi mwa mpigaji. Mzee aliyeipiga tangu ujanani anastahili heshima kuliko hiyo.

Wala taabu hii si ngeni. Mwaka 1952 Wamarekani walizindua Cinerama mjini New York, projekta tatu zikimulika kiwambo kimoja kilichopinda. Walikuwa na fedha na wahandisi, lakini mishono ya picha zile ilionekana. Hawakukata tamaa, ila waliipa kazi hiyo watu wa kuishughulikia kila siku.

Sisemi kupinda picha kwa kompyuta ni dhambi. Ukuta ukiwa wa mviringo, au mitambo ikiwa miwili, hapana budi. Ninalokataa ni kompyuta kufanya kazi ya meza. Kwanza projekta iinuliwe juu, ielekezwe katikati ya kiwambo, na meza ifungwe imara, kwa maana mtoto mmoja akiigusa, marekebisho yote yameharibika. Kisha ndipo kompyuta imalizie kilichobaki.

Tena, kazi hii hutaka giza, kwa kuwa mchana mishono haionekani. Kwa hiyo kamati za sherehe zimwite fundi usiku wa kuamkia siku yenyewe, na zimlipe kwa usiku huo. Kumwita saa kumi na moja jioni, wageni wakiwa wamekwisha keti, kisha kumlaumu, si haki.

Nasi watazamaji tuache aibu. Sura ya mzee wetu ikirefushwa kama ya punda, tuseme waziwazi, na fundi asimamishe picha airekebishe.