Kwa Kamishna Mkuu wa TRA: Tuonyesheni hesabu

Ndugu Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Dar es Salaam.

Mishahara ya walimu, dawa za zahanati na barabara za vijijini vinangoja makusanyo ya ofisi yako, nasi hatukuandikii kumtetea mkwepa kodi. Tunakuandikia kwa sababu hata mlipakodi mwenye nia njema bado anawaogopa watumishi wako, na hofu hiyo imeshatugharimu.

Mapema Desemba 2024, huko Tegeta, watumishi wako waliokuwa wakifuatilia gari lililodaiwa kukwepa ushuru walishambuliwa na watu waliodhani ni watekaji. Mmoja wao alipoteza maisha. Waliofanya unyama ule hawana utetezi. Lakini tunaomba utuambie: leo hii mtumishi wako akisimamisha gari usiku, mwananchi atamtambuaje? Ipo namba ya kupiga papo hapo, mtu akathibitisha jina lake na kazi aliyotumwa? Wa kwanza kulindwa na utaratibu huo ni watumishi wenyewe.

Suala linalotuuma zaidi ni makadirio. Kariakoo ilifunga maduka Mei 2023, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Juni 2024 yakafungwa tena. Zaidi ya kilio cha kamatakamata kilichosikika kwenye migomo hiyo, kuna jambo linalosimuliwa kila soko: mwenye fremu anaitwa mezani, anaulizwa pango na mzigo, kisha anatajiwa kiasi. Akilalamika, kinashuka. Kama deni lilikuwa halali, limeshukaje kwa malalamiko tu? Na kama kushuka ndiyo haki, jirani yake asiyejua kujieleza analipa nini? Tunaomba kila anayekadiriwa apewe karatasi inayoonyesha mauzo yaliyokadiriwa, yamepatikanaje, kiwango cha sheria kilichotumika na jina la ofisa aliyekadiria. Je, utaliagiza hilo?

Asiyeridhika ana siku 30 za kuweka pingamizi, na anatakiwa kutanguliza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa mwenye mtaji mdogo, theluthi hiyo ndiyo mtaji wenyewe. Sheria inakuruhusu kuipunguza au kuisamehe kukiwa na sababu ya msingi. Tangaza kila mwaka wangapi waliomba nafuu hiyo, na wangapi waliipata. Wengi hawajui hata kwamba inaombwa.

Kisha kuna risiti. Tangu mashine za EFD zianze mwaka 2010 tumehimizwa kudai risiti, na tunadai. Ila karatasi ile inafifia. Iache droo ya duka lenye joto miezi michache, utabaki na kipande cheupe. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Mfanyabiashara aliyefutikiwa na wino asihesabiwe kuwa hana ushahidi, wakati taarifa za mauzo yale zilishafika kwenye mfumo wako. Maofisa wako wameelekezwa nini kuhusu hili?

Upande wa forodha tuna sifa ya kutoa. Kwa magari yaliyotumika mmeweka kikokotoo mtandaoni, na mtu anajua atakachodaiwa kabla hajaagiza. Mama anayeleta viatu na vitambaa hana uhakika huo. Thamani anaijua mzigo ukishafika bandarini, na kila siku ya kubishana inamwongezea gharama za kuhifadhi. Lini naye ataweza kupiga hesabu yake mapema?

Tunaomba majibu kwa maandishi, hata kama ni mafupi, hata kama baadhi ni hapana. Tutayachapa kama yatakavyotufikia, bila kupunguza neno.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhariri