Kodi ya Miezi Sita na Dhamiri ya Mwenye Nyumba Mkristo

Kila padre anayehudumu katika parokia za Dar es Salaam anaifahamu barua fupi ya utambulisho ambayo mwamini huiomba anapohama Jumuiya yake. Wanaoiomba mara nyingi ni wapangaji. Mama mmoja alinijia mwaka huu kuomba barua hiyo kwa mara ya tatu katika muda wa miaka 4. Mwanawe ameanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza katika parokia mbili, na hajayamaliza popote. Mama huyu hakushindwa kulipa kodi ya mwezi. Alichoshindwa ni kulipa miezi sita kwa mkupuo.

Tunapozungumzia uhaba wa makazi ya bei nafuu, fikra zetu hukimbilia maghorofa ya Serikali. Shirika la Nyumba la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1962, na pale Magomeni Kota kaya 644 zilikabidhiwa nyumba mpya mwaka 2022 baada ya kungoja takriban miaka 10. Ni kazi njema. Hata hivyo, Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 katika Sensa ya mwaka huo huo, na wapangaji wake wengi wanaishi katika vyumba vilivyojengwa na watu binafsi: mwalimu mstaafu, mjane, mfanyabiashara wa sokoni, mwanakwaya. Wengi wao hukaa nasi katika mabenchi ya kanisa kila Dominika.

Tuchukue mfano wa chumba kimoja cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 360,000. Dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja, hivyo jumla inakuwa shilingi 420,000 kabla hata godoro halijaingizwa ndani. Mlinzi anayepokea shilingi 200,000 anaweza kukilipia chumba hicho mwezi kwa mwezi, ingawa kwa kujinyima, lakini mshahara wake wa miezi miwili mizima hautoshi kumfungulia mlango. Ndipo anapokwenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale ambao watu wamewapa jina la kausha damu, na chumba cha bei nafuu kinageuka kuwa ghali kupita vyote.

Haki inatudai tumsikilize pia mwenye nyumba. Benki ya Nyumba ilianguka mwaka 1995, na mikopo ya mabenki ya leo humfikia kwa urahisi mwenye hati ya kiwanja na mshahara wa uhakika. Wengine hujenga tofali kwa tofali, na kodi ya mkupuo ndiyo inayoezeka chumba kinachofuata. Wapo pia wapangaji wanaotoroka usiku na kuacha madeni. Haya yote ni kweli. Lakini tukiyatazama kwa makini tunagundua jambo la kushangaza: mpangaji maskini ndiye benki ya mwenye nyumba, naye hukopesha bila riba, bila dhamana na bila kuulizwa.

Sheria haimsaidii sana. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo makubaliano yameachiwa pande mbili zisizo na nguvu sawa. (Hata kodi ya majengo, ambayo ni deni la mwenye mali, tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Ni wenye nyumba wangapi wanaomrudishia?)

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayakulinyamazia suala hili. Mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati nzima kuhusu watu wasio na makazi, na Papa Fransisko katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 anaihusisha nyumba na hadhi ya mtu pamoja na ukuaji wa familia. Naona ni rahisi kwetu kuyasoma maneno hayo kama ujumbe kwa Serikali. Yanamhusu pia mwamini mwenye vyumba vinne uani.

Jambo linalowezekana si kubwa. Mwenye nyumba anaweza kupokea dhamana ya mwezi mmoja na kodi ya kila mwezi, na Jumuiya Ndogo Ndogo, inayowafahamu wote wawili, ikasimama kuwa shahidi wa mkataba ulioandikwa. Jumuiya zinazochangishana kwa ajili ya misiba zinaweza pia kuwa na mfuko mdogo wa kumkopesha anayehama.

Kabla ya kulisema hili mimbarini, nimeiomba Kamati ya Fedha ya parokia yetu iitazame upya mikataba ya vyumba ambavyo parokia yenyewe inavipangisha. Hadi ninapoandika makala haya, navyo vinatozwa kodi ya miezi sita.