Tunachoflashi, Kuna Mtu Anakitoa

Juzi nilipita kwenye mabwawa ya majitaka ya chuo. Pale maji yanapoingia kuna chujio la nondo, zimeachana kama upana wa vidole viwili. Mzee mmoja alikuwa akivuta kwa reki pedi, matambara na vifuko vya plastiki. Asipovitoa, chujio linaziba, majitaka yanafurika. Nilimwamkia kwa aibu. Vile vitu ni vyetu.

Nasomea ualimu, na najua tangazo la "Usitupe taka chooni" peke yake halifundishi mtu. Dada ana pedi mkononi, chooni hakuna ndoo: aipeleke wapi? Serikali ya wanafunzi, wekeni ndoo zenye mifuniko kila choo, ndipo mtulaumu. Na zikiwekwa, jamani, tuzitumie.