Klipu mbovu yakausha shamba zima

Kiangazi kilichopita chama chetu cha wakulima, kando ya ziwa upande wa Nyanza-Lac, kilikaa siku 9 bila kumwagilia hata tuta moja. Pampu ilikuwa nzima. Petroli tulikuwa nayo, jambo ambalo kwa miaka ya karibuni hapa Burundi si la kudharau. Maji ya Tanganyika yalikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwenye nyanya zetu. Lakini pampu ilinguruma, ikatetemeka, ikatema povu kidogo, kisha ikakata. Fundi wa kwanza alisema ni sili. Wa pili alisema ni ringi za pistoni, akafungua injini na kutudai fedha. Siku ya 9 akapita mzee mmoja mvuvi, akainama, akaweka kiganja pale mpira wa kuvuta unapoingia kwenye mdomo wa pampu, akasema, "Wanangu, hapa panavuta hewa."

Pahali penyewe palikuwa na klipu mpya, inang'aa, tuliyoinunua wiki 2 kabla.

Nyanya zilikuwa zimeshakwenda. Wanachama ni 14, wengi wetu tumerejea kutoka Tanzania, na mbegu na mbolea tulikuwa tumekopa. Ndiyo maana, ndugu msomaji, leo nimeamua kuandika juu ya kidude ambacho watu wengi hawadhani kinastahili hata mstari mmoja wa gazeti. Wanaonihusu kwanza ni ndugu zetu wafanyabiashara wanaovuka Mugina na Kobero, kwa sababu karibu klipu zote tunazozifunga huku zimepita mikononi mwao.

Kabla ya yote, tukubaliane jina. Sisi tuliosoma ng'ambo tunasema klipu. Wenzetu tuliowakuta nyumbani, waliosoma kwa Kifaransa, wanasema koliye. Neno hilo kwa Kifaransa ni mkufu pia, na siku nilipomtuma jirani aniletee koliye 4 kutoka Kigoma, mke wangu alifurahi bure mpaka mzigo ulipofunguliwa. Kitu ni kile kile: ukanda wa chuma unaozunguka mpira, wenye kijumba kidogo chenye skrubu. Ukizungusha skrubu, meno yake yanaushika ukanda na kuuvuta, na mpira unabanwa juu ya bomba. Muundo huu si wa jana. Mwingereza Lumley Robinson, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alipata hataza yake mwaka 1921, na mpaka leo haujapata mshindani wa kweli katika gereji na mashamba.

Sasa nirudi kwenye pampu, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Upande wa kusukuma, klipu ikilegea utaona maji yanaruka, na hata mtoto atakuonyesha tundu. Upande wa kuvuta hutaona kitu. Pampu haivuti maji kama sisi tunavyovuta kamba. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa iliyo nje, juu ya ziwa, ndio unaoyasukuma maji yapande. Kwenye usawa wa bahari uzito huo ungeyapandisha maji mita 10 na ushei tu. Tanganyika iko kama mita 773 juu ya bahari, kwa hiyo huku kwetu hata pampu isiyo na dosari haiwezi kupita mita 9 na kidogo, na kwa kazi halisi ukipata 6 au 7 ushukuru. Wenzetu wa milimani wana pungufu zaidi. Kwa hiyo hatuna cha kupoteza. Upenyo mwembamba kama uzi unatosha kuingiza hewa, na pampu itabaki inapiga kelele bila maji. Fundi asiyejua hilo atafungua injini. Tumelipia ringi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mtu ataniuliza: kama klipu ilikuwa mpya, kwa nini ilivujisha? Nami nilijiuliza hivyo hivyo, na sikulala mpaka nilipoikata ile ncha ya mpira na kuitazama vizuri. Mipira ya kuvuta ya inchi 2 tunayoinunua ni ile yenye uti wa plastiki ngumu unaouzunguka kama nyoka, ili usinywee pampu inapovuta. Uti huo hutokeza nje. Ukanda wa klipu, ulio bapa, hulala juu ya migongo ya uti na kuacha mfereji mtupu katikati. Hewa hufuata mfereji huo, inazunguka, inaingia. Kaza utakavyo, hata skrubu ivunjike, hubani mfereji bali unabana migongo tu.

Zipo klipu zilizotengenezwa kwa ajili ya mipira hiyo. Moja ina tuta kama daraja ambalo uti hupita chini yake. Nyingine ni ya waya mbili, na waya hizo huzama ndani ya mifereji. Katika miaka yangu yote tangu nirejee, sijaona hata moja ikiuzwa katika masoko ninayoyafahamu. Inakuja ile ya bapa peke yake, kwa sababu ndiyo kila mtu anayoiomba, na kila mtu anaiomba kwa sababu ndiyo peke yake anayoiona.

Yule mzee mvuvi alifanya nini? Alikata utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akauvuta kwa nguvu na kuuviringisha mara nyingi juu ya ncha ya mpira, tukafunga klipu juu yake. Pampu ikavuta kwa mara ya kwanza. Baadhi ya wanachama walicheka, kwamba tumerudi kwenye ushamba. La hasha! Utepe ule ulijaza mifereji, na kwa kuwa ni wa kunyumbuka, unaendelea kubana hata plastiki iliyo chini yake inapolegea kwa jua. Chuma hakifanyi hivyo: plastiki ikisinyaa, chuma kinabaki pale kilipokazwa. Mtengenezaji anayetaka klipu ya chuma ifuate kulegea kwa mpira hulazimika kuiwekea springi. Maskini mwenye utepe wa baiskeli anayo springi tayari, bila kulipa.

Ila nisieleweke vibaya. Waya wa kufungia nondo, ambao nao nauona kila mahali, ni adui: unakata mpira na kubana mstari mwembamba tu. Na utepe wa tairi usithubutu kuupeleka kwenye mpira wa petroli wala wa gesi ya kupikia, kwa maana mafuta na gesi huulainisha na kuuvimbisha. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani, inalala sakafuni kama maji na kungoja cheche. Huko tumia mpira wa gesi wenyewe na klipu ya kipimo chake, na ukitaka kujua kama panavuja pakaza povu la sabuni. Kiberiti hapana.

Nije kwa wafanyabiashara. Klipu huja kwenye katoni zimechanganywa, au zinauzwa kwa fungu, na muuzaji anasema zote ni stenlesi kwa sababu zote zinang'aa. Zikishang'aa siku ya kwanza zote ni ndugu. Lakini zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni ya Wajerumani, DIN 3017, zina alama iliyopigwa kwenye ukanda au kijumba. W1 ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, ukanda na skrubu. W2 ina ukanda wa stenlesi lakini skrubu ni ya chuma cha kupakwa. W4 ni stenlesi yote. Ile yetu ya kiangazi, nilipoichunguza, haikuwa na alama yoyote. Ukanda ulikuwa bado unameta huku skrubu ikiwa imeanza kuota kutu, na tulipotaka kuilegeza kichwa kilikatika.

Sumaku ndogo, kama ile ya spika mbovu ya redio, inasaidia. Ikinasa kwa nguvu kwenye ukanda na kwenye skrubu, usikubali kuuziwa kwa bei ya W4. Nakiri kwamba ziko aina za stenlesi zinazonaswa na sumaku, hivyo mtu asije akamtukana muuzaji kwa sumaku peke yake. Halafu pitisha kidole upande wa ndani wa ukanda. Kama una matundu yaliyokatwa wazi na kingo kali, utakula mpira. Ulio mzuri hauna matundu yaliyotoboka, meno yake yamegandamizwa tu, na kingo zake zimekunjwa kidogo kwenda nje.

Angalia pia namba za kipimo. Mpira wa inchi 2 kwa nje unafika kama milimita 60, kwa hiyo klipu yake ni iliyoandikwa 50-70. Mtu akikupa 60-80 kwa kuwa "itaingia tu", itaingia kweli, lakini mpira uko kwenye mwanzo kabisa wa kipimo chake, na ukizidishiwa kidogo tu klipu kubwa haikai duara, inaacha pengo chini ya kijumba. Na ukaze kwa spana namba 7, si bisibisi, maana bisibisi huteleza na kutoboa mpira au kiganja. Ifunge nyuma ya mbavu za mdomo wa bomba, isiwe pembeni kabisa. Ikaze tena baada ya siku 2 au 3 za kazi.

Nawaelewa wafanyabiashara wetu. Klipu iliyotengenezwa China haipati nafuu ya ile karatasi rahisi ya uasili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, hata kama umeinunua Kigoma kwa Mtanzania, kwa sababu haikutengenezwa ndani ya Jumuiya. Ushuru unakwenda na thamani, kwa hiyo iliyo bora inatozwa zaidi. Mama aliyebeba kilo 10 za vyuma kichwani hana sababu ya kubeba za ghali kama mnunuzi hatofautishi. Lakini ndugu zangu, si lazima muache kuleta za bei nafuu. W1 inafaa sana kwa mpira wa kunyweshea bustani ndani ya nyumba kavu. Ninachoomba ni mzitenge, na mseme hii ni ipi. Anayeuza dagaa haweki wabichi na wakavu kwenye fungu moja.

Upande wetu sisi walimu nao hauna usalama. Niliposoma kambini, ubao ulikuwa mbao zilizopakwa masizi ya betri, na mwalimu alitufundisha uzito wa hewa kwa gilasi ya maji na karatasi juu yake. Nilifaulu swali hilo kwenye mtihani. Miaka zaidi ya 20 baadaye nilisimama kando ya pampu isiyovuta, nikitazama fundi akifungua injini, na gilasi ile haikunijia akilini hata mara moja. Muhula huu nimepeleka darasani ile ncha ya mpira niliyoikata, klipu yenye skrubu iliyovunjika na utepe wa mzee. Wanafunzi wa darasa la 8 waliona mfereji wa hewa kabla sijamaliza sentensi.

Chama kinajiandaa kwa msimu mwingine. Kama yupo anayekwenda Kigoma wiki hii, tunahitaji klipu 6 za 50-70, W4, na kama ataziona zile za daraja au za waya mbili, alete zote atakazozipata. Fedha iko kwa mweka hazina, na sumaku nitakuja nayo mwenyewe.