Kuuza vyombo vya nyumbani si aibu, hasara ni kuviuza gizani

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu huelekezwa kwa wenye maduka, lakini unazihusu pia familia zinazohama.

Katika mji wa Himo, ambako barabara ya kutoka Moshi inagawanyika kwenda Holili, Marangu na Dar es Salaam, kuhama ni jambo la kawaida. Mwalimu anahamishwa kituo, mfanyabiashara anafuata soko mjini, mstaafu anarudi kihambani kwao Mwika au Kilema. Wote hukutana na swali moja: vitu ambavyo havitaingia kwenye lori viende wapi?

Mara nyingi mwenye nyumba husubiri hadi siku ya mwisho. Ndipo dalali anaitwa, tena baada ya giza kuingia ili majirani wasione. Kabati, jokofu, vitanda na cherehani hupigiwa hesabu moja ya jumla, na mwenye mali hukubali kwa sababu hana muda wa kukataa.

Chanzo cha hasara hiyo ni aibu. Wapo wanaoamini kwamba anayetoa vyombo uani amefilisika. Lakini watu haohao huenda Soko la Memorial mjini Moshi na kuchagua nguo na viatu vilivyovaliwa Ulaya na Marekani, bila kuona haya. Kama kununua kilichotumiwa na mtu usiyemjua si aibu, kumuuzia jirani kilichotunzwa vizuri hakiwezi kuwa aibu.

Isitoshe, usiri wenyewe hushusha bei. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hivyo mnunuzi mwaminifu huogopa jokofu linalouzwa usiku. Anayebaki ni yule anayejua kwamba muuzaji amebanwa.

Njia bora ni kutenga Jumamosi moja, kutoa vitu uani mchana na kuwatangazia majirani wiki nzima kabla. Mwenye nafasi ya kuchagua mwezi achague Desemba. Wenyeji wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurejea Kilimanjaro kwa Krismasi, na baadhi yao wanatafuta vitu vya kuweka kwenye nyumba za wazazi. Januari fedha inakuwa imekwenda kwenye mahitaji ya shule.

Kabla ya siku yenyewe, familia ikae na kukubaliana kipi kinauzwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, hivyo cherehani ya mama haiuzwi kwa uamuzi wa baba peke yake. Vivyo hivyo, vitu vya marehemu visiguswe kabla ya suala la mirathi kushughulikiwa.

Kila kitu kisafishwe na kionekane kinafanya kazi. Jokofu lichomekwe kwenye umeme mapema ili mnunuzi aguse ubaridi, na cherehani itiwe uzi. Chenye kasoro kitajwe kasoro yake. Jirani akidanganywa asubuhi, jioni mtaa mzima unajua.

Bei iandikwe na kubandikwa, huku familia ikijua bei ya mwisho ya kila kitu. Chukua mfano wa kabati lililoandikwa shilingi 120,000, na familia imekubaliana lisishuke chini ya 90,000. Hapo anayekuja na 50,000 anajibiwa kwa upole bila mabishano ya mume na mke mbele ya wateja. Ila wasiuze kwa kushindanisha bei kwa sauti: huo ni mnada, na mnada una sheria na leseni yake.

Kwa vitu vikubwa, iandikwe hati fupi ya mauziano yenye majina, tarehe, kiasi na saini, na ikiwezekana mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Hati hiyo humlinda mnunuzi akiulizwa njiani, na humlinda muuzaji iwapo ugomvi utazuka baadaye. Malipo yakija kwa simu, muuzaji aangalie salio lake mwenyewe, asiamini ujumbe tu.

Kwa wakulima kuna tahadhari moja zaidi. Jembe, panga, bomba la kupulizia dawa na mashine ya kumenyea kahawa vinauzika, mradi bomba liuzwe kwa kazi hiyohiyo. Lakini dumu lililowahi kuwa na dawa ya kahawa au ya mifugo lisiuzwe kamwe, hata kwa shilingi 500. Mnunuzi atalitekea maji ya kunywa au kuwekea mafuta ya kula, na sumu haiondoki kwa kusuuzwa.

Wapo watakaosema kwamba kufungua geti ni kuwaonyesha wezi njia. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni rahisi: vitu vyote viwe nje, milango ya ndani ifungwe, na ndugu wawili wakae na familia siku nzima.

Familia inayohama inahitaji kila shilingi kwa nauli, kodi ya nyumba mpya na maisha ya mwezi wa kwanza ugenini. Fedha hiyo imo tayari ndani ya nyumba, katika vitu walivyovinunua kwa jasho lao. Wasimwachie dalali kwa kuogopa macho ya jirani, kwani huenda jirani huyo ndiye mnunuzi mwenye bei nzuri.