Imani na Kisu cha Tunduma

Mwezi Aprili 2013, mji wa Tunduma, uliokuwa bado katika Mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kuundwa mwaka 2016, ulikumbwa na vurugu baina ya Wakristo na Waislamu. Chanzo kilikuwa swali moja: nani achinje mnyama ambaye nyama yake itauzwa buchani? Kwa desturi ya miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Waislamu, ili kila mlaji aweze kununua. Miezi miwili kabla, mgogoro huohuo ulikuwa umeua mtu huko Buseresere, Geita.

Mwenye shaka hahitaji kukana kuwapo kwa Mungu ili aione kasoro hapa. Katika Kiswahili, neno imani lina maana mbili: kusadiki na huruma. Mtu katili twasema hana imani, hata kama hakosi ibada. Taasisi za dini huipima maana ya kwanza kwa alama zinazoonekana: kisu cha nani, dua ya nani. Maana ya pili haina alama wala haihitaji kiongozi. Kwa hiyo husahauliwa upesi.

Itasemwa kwamba kosa ni la waumini, si la dini. Hoja hiyo ingekubalika iwapo taasisi hizo zisingejitwalia sifa ya wema wa waumini haohao. Adaiye mavuno hana budi kuyakiri magugu.

Kwa maoni yetu, lugha imekwisha kutoa kipimo. Dini isiyokuwa na imani katika maana ya pili haina haki ya kujivunia ile ya kwanza.